Pointa ya detekta inalia ovyo, haiwaki au haisikii: anza kukagua hapa

Detekta, ile mashine ya kutafuta chuma ardhini, ikishakuonyesha kwamba chini kuna kitu na ukachimba shimo, kazi inayobaki ni ya pointa: kile kifaa kifupi cha mkononi unachokichomeka shimoni kikuambie chuma kiko upande gani wa ukuta, au kama kimeshatoka na udongo. Bila pointa unachambua udongo kiganja kwa kiganja, na jua la Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, halina huruma. Ndiyo maana ikianza kulia hovyo watu huchanganyikiwa, na wa kwanza kulaumiwa huwa ni saketi.

Kwenye meza yangu ya ufundi saketi huwa ya mwisho. Zinazoletwa zikiwa "zimekufa", nyingi zina moja kati ya mambo matatu: betri, kitu cha chuma kilicho karibu na mtumiaji bila yeye kujua, au ncha iliyopasuka kwa sababu imetumika kama mtaimbo. Hilo la tatu tu ndilo linaloumiza mfuko. Mengine mawili unayamaliza mwenyewe, huko huko porini, bila bisibisi. Kinachotakiwa ni kukagua kwa mpangilio, maana ukianza kwa kufungua kifaa unaweza kuharibu kilicho kizima na tatizo la mwanzo likabaki palepale.

Ndani ya ncha kuna nini

Kuna kijiti cheusi cha feraiti (kauri yenye chuma) kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Hiyo ndiyo koili. Kwenye pointa nyingi saketi inaipiga koili hiyo kwa mapigo mafupi mno ya umeme, inakata, kisha inasikiliza. Kama karibu kuna msumari, shaba, risasi au dhahabu, usumaku unapokatika ghafla huzaa mikondo midogo ya umeme ndani ya kipande hicho, na mikondo hiyo huchelewa kidogo kufa. Pointa inasikia mabaki yake na kukupigia kelele. Zipo pointa zinazotuma wimbi mfululizo badala ya mapigo, ila kwa mtu anayetafuta ubovu tofauti hiyo haibadilishi kitu.

Shika jambo moja. Ukiwasha pointa, kwa muda mfupi sana inasoma mahali ilipo na kupahesabu kuwa ndiyo sifuri. Kila kitakachozidi hapo kitalia. Ukiiwasha ikiwa hewani, mbali na chuma, sifuri yake ni ya kweli. Ukiiwasha ikiwa bado kwenye ala kiunoni, imepakana na kisu na bizimu ya mkanda, sifuri yake tayari ina chuma ndani, na hapo itakuwa kiziwi. Hilo peke yake linaeleza nusu ya malalamiko ya "haishiki kitu".

Kipimo cha rula

Kabla ya kusema pointa imepungua nguvu, uwe na kitu cha kulinganishia. Chukua rula ya plastiki ya shule. Kwenye alama ya sifuri bandika sarafu moja kwa gundi, na kwenye mwisho wa pili wa rula bandika kipande kidogo cha risasi, kama ile timazi ndogo ya mshipi wa kuvulia samaki. Risasi kwa detekta inafanana na dhahabu kuliko sarafu au msumari, kwa hiyo ndiyo itakayokuambia ukweli kuhusu punje za dhahabu. Toka nje, simama mbali na gari, mbali na nyumba, vua pete na saa, simu iache kwa mwenzako. Washa pointa ikielekea juu. Kisha isogeze taratibu juu ya rula kuelekea sarafu na uone inaanza kulia kwenye sentimita ngapi. Andika namba hiyo kwa kalamu ya wino mzito kwenye rula yenyewe. Rudia kwa risasi, ukihesabu sentimita kuanzia kwenye risasi yenyewe.

Pointa nyingi za mkononi, zikiwa kwenye usikivu wa juu, huanza kuiona sarafu ikiwa sentimita 3 hadi 5 kutoka nchani. Yako ikiwa chini ya hapo siku ya kwanza, huenda ndivyo ilivyoumbwa. Namba inayokuhusu ni ile uliyoandika ikiwa nzima. Siku ikikusumbua, unapima tena kwa rula ileile na jibu unalo.

Usipime juu ya meza. Meza ya mbao ina misumari, sakafu ya zege ina nondo chini yake, na mlango wa geti haujaacha kuwa chuma kwa sababu uko nyuma yako.

Haiwaki kabisa

Betri. Ndiyo, hata kama umeinunua jana.

Betri ya mraba ya volti 9 zinauzwa aina mbili zinazofanana kwa sura. Moja ni alkalaini, imeandikwa 6LR61 au neno la alkalaini lenyewe, na ndani ina seli 6 za volti 1.5. Nyingine ni ya kaboni na zinki, huandikwa 6F22 na mara nyingi "heavy duty", na ndiyo unayoipata duka lolote kwa bei ya kuvutia. Zote mbili ukizipima kwa mita bila mzigo zinaweza kusoma volti 9 na kitu. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Pointa ikiwaka na kuanza kutetema inavuta umeme wa ghafla, na betri ya kaboni iliyochoka inaporomoka papo hapo.

Njia ya kuibana betri iseme kweli ni hii: tafuta rezista ya ohmu 220, iunganishe kati ya ncha mbili za betri, na upime volti wakati rezista imeunganishwa. Itavuta kama miliampea 40. Alkalaini mpya itashuka kidogo sana, itabaki kwenye 9 au karibu yake. Ikikimbilia 7 au chini ya hapo, hiyo betri pointani haifai. Usiiache rezista zaidi ya sekunde chache, inapata moto na itakuunguza kidole.

Ukiona betri ni nzima, tazama vishikizo vyake ndani ya mfuniko. Springi iliyolala haigusi. Ivute kidogo kwa koleo ya mdomo mrefu. Ukikuta unga mweupe, betri ya alkalaini imevuja. Chovya pamba kwenye siki au maji ya ndimu, futa mpaka uache kuona mapovu, kisha malizia kwa spiriti na uache pakauke. Kutu ya kijani kwenye shaba inaondoka kwa msasa laini au kifutio cha penseli. Usitumie kisu, kinakwangua rangi ya juu na miezi michache mbele kutu inarudi kwa hasira.

Halafu kitufe. Juu yake kuna kifuniko cha mpira, na mchanga mwembamba ukipenya chini ya mpira huo kitufe hubaki kimebonyea. Pointa inadhani umekishikilia. Nyingine hapo haziwaki, nyingine zinawaka na kuingia moja kwa moja kwenye kupanga usikivu, zinapiga milio ya ajabu na taa kumeta. Kitufe kizima ukikibonyeza unasikia "tki" yake chini ya kidole. Kikiwa laini kama kimelowa, kisafishe kwa brashi na spiriti kwa nje, betri ikiwa imetolewa.

Pointa zenye betri ya ndani ya kuchaji, mfano MI-6 ya XP, hazina habari ya 6F22. Hizo angalia pini za kuchajia kama zina tope au kutu, jaribu waya mwingine wa chaji, na uiache kwenye chaji kwa muda wa kutosha kabla ya kuihukumu, hasa kama ilikaa kabatini masika nzima.

Inawaka, inazima, inawaka tena

Itikise ukiwa umeishika hewani. Ikitoa ule mlio wa kuwaka kila unapoitikisa, betri inacheza ndani ya chumba chake na umeme unakatika. Kunja kipande cha karatasi ngumu au sponji, weka ubavuni mwa betri, mchezo umekwisha. Angalia usiweke kikubwa mno mpaka betri ishindwe kutoka. Baadhi ya betri za kuchaji za volti 9 zina mwili mnene kuliko za kawaida kwa kiasi kidogo tu, na nimeshaletewa pointa ambayo betri iliingizwa kwa nguvu, kutoka ikagoma.

Kama inazima pale tu inapoanza kutetema, hiyo ni betri iliyochoka kwa asilimia mia. Unaweza kuthibitisha bila mita: badili mpangilio iwe sauti bila mtetemo, kama modeli yako inaruhusu. Ikikaa bila kuzima, umepata jibu.

Kuhusu betri za kuchaji kwa jumla. Za nikeli zipo za seli 7, volti 8.4, na zipo za seli 6, volti 7.2. Hizi za mwisho zinaanza safari zikiwa tayari zimekaribia kiwango ambacho pointa huita "betri imeisha". Za lithiamu zenye tundu la chaji ya simu ni janga la aina nyingine: ndani zina saketi ndogo ya kupandisha volti, na saketi hiyo hutoa kelele ya umeme. Kuna pointa zinazoivumilia na kuna zinazolia mfululizo mpaka uitoe. Pia haikupi onyo. Inatoa volti 9 zilezile mpaka dakika ya mwisho, halafu giza. Mimi nashauri alkalaini. Ni ghali kidogo lakini siku nzima ya porini haikatiki katikati.

Inalia bila kuwepo chuma

Hapa ndipo pana mambo, na ndipo watu wengi wanapotupa kifaa kizima.

Gawanya kwanza: inalia hata hewani, au inalia ikigusa udongo tu? Usiruke swali hili.

Tuseme hewani imetulia, ukiishusha shimoni inaanza. Hiyo pointa haina ubovu, udongo ndio unaosema. Ardhi ya eneo la Lupa, kama ilivyo sehemu nyingi zenye dhahabu, ina moramu nyekundu na kokoto zenye chuma kingi, na kwenye mikondo ya maji utakuta mchanga mweusi unaoganda kwenye sumaku. Dawa yake ni kuiseti pointa upya ikiwa ndani ya hali hiyo: igusishe ncha kwenye udongo wa pembeni ambao una uhakika hauna kitu, ubonyeze kitufe haraka na kuachia. Modeli kama Garrett Pro-Pointer AT zimewekewa uwezo huo kwa makusudi. Sasa sifuri yake ni udongo ule. Kama modeli yako haina, izime, iguse udongo, iwashe hapo hapo. Ufukweni kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi unafanya vivyo hivyo. Ikikataa kutulia hata hivyo, shusha usikivu ngazi moja.

Jiwe moja likilia na wenzake wakinyamaza, lisogezee sumaku ya spika mbovu. Likishikwa, una jiwe la chuma, litupe mbali ili lisikurudie kwenye rundo la udongo. Lisiposhikwa, usilitupe haraka.

Na ncha yenyewe ifute. Tope lenye mchanga mweusi likikauka nchani, pointa inatembea na udongo wake kila iendapo.

Sasa tuseme inalia hata hewani. Anza na mwili wako. Kijana mmoja alinijia kutoka machimboni, akaiweka mezani na kusema, "Fundi, shikamoo. Hii imekufa, inalia tu." Nikaiwasha, kimya. Akaichukua, akainama kama anayekagua shimo, ikalia. "Umevaa buti gani, mdogo wangu?" Alikuwa na buti za sefti, zile zenye kofia ya chuma kwenye vidole, na ukiinama kwenye shimo goti moja chini, mkono wa pointa unapita sentimita chache kutoka kwenye kidole cha buti. Pointa nyingi husikia pia kwa ubavu, si kwa ncha tu, kwa hiyo pete, saa, bangili, kishikizo cha suruali na chepe uliloliegemeza ukingoni vyote vinaingia kwenye hesabu.

Kisha mashine kubwa. Detekta za dhahabu zinazopiga mapigo, kama GPX 5000 ya Minelab, zinarusha usumaku mkali kuliko wa pointa mara nyingi. Koili ikiwa imelala pembeni ya shimo na mashine imewashwa, pointa italia kwa mdundo wa kujirudia, na detekta nayo italalamika kwenye spika za masikioni. Hakuna kibovu kati yao. Geuza koili, isogeze mita moja au mbili, au zima mashine unapochambua. Wengine wanashangaa mbona detekta inalia hata pointa ikiwa imezimwa kiunoni: ni kwa sababu ndani ya pointa mna betri yenye ganda la bati, na koili inaliona kama inavyoona kopo lolote. Hamishia ala upande wa mkono usiopunga mashine.

Baada ya hapo umeme wa jirani. Jenereta, mota ya karasha (mashine ya kusaga mawe), pampu ya kuvuta maji duarani (shimo la mgodi), nyaya za umeme mkubwa, chaja ya sola, hata simu iliyo mfuko wa shati. Geuka taratibu ukiwa umeishika. Kelele ikibadilika kwa kugeuka tu, au ikififia unapopiga hatua kuondoka kwenye jenereta, unajua chanzo. Baadhi ya pointa zinaruhusu kuhamisha masafa kidogo ili kukwepa kelele hiyo. Kijitabu chake kitakuambia unabonyeza vipi.

Joto nalo. Pointa iliyokaa juu ya dashibodi jua likiwaka, ukiitoa na kuichomeka kwenye udongo wa baridi, itaanza kulia yenyewe polepole baada ya dakika, kwa sababu koili na saketi zinapoa na sifuri inahama. Iseti upya. Ikishafanana na joto la nje inatulia.

Umemaliza yote hayo, umevua buti, uko uwanjani peke yako, betri ni alkalaini mpya, na bado inalia? Sasa ndiyo tunaiangalia ncha.

Ncha iliyopasuka

Feraiti ni ngumu lakini haina uvumilivu. Inapasuka kama kikombe cha udongo. Ukitumia pointa kubandua jiwe, kuchokonoa mwamba, au ikikudondoka juu ya kokoto ikatua kwa ncha, plastiki ya nje inapinda na kurudi, feraiti ya ndani haipindi. Inakatika. Kwa nje huoni kitu.

Dalili zake ni za pekee. Iwashe hewani, kimya. Kwa kidole kisicho na pete bonyeza ncha kwa ubavu, kwanza kushoto, kisha kulia. Igonge taratibu kwenye kiganja. Ikilia kila unapobonyeza na kunyamaza unapoachia, vipande viwili vya feraiti vinasogeleana na kuachana, na koili inabadilika sifa kila vinaposogea. Saketi haina namna ya kujua. Kwake mabadiliko hayo ni chuma. Tofautisha na betri inayocheza: betri hutoa ule mlio wa kuwaka upya, ncha iliyopasuka hutoa mlio uleule wa kuona chuma.

Dalili nyingine ya ncha ni pale inapolia ukiielekeza chini na kunyamaza ukiielekeza juu, uzito wa kipande kilichokatika ukifanya kazi yake.

Inatengenezeka? Kwa maneno ya fundi, mara chache. Viwanda vingi humimina gundi ngumu kuzunguka koili, na kuitoa bila kukata ule waya mwembamba ni kazi ya bahati. Hata ukifaulu, koili ya kutengeneza mwenyewe lazima ilingane na ya awali, la sivyo saketi haitaielewa. Kama bado iko kwenye waranti, irudishe bila kuifungua. Kama haiko, kubali hasara.

Kisichokubalika ni kuziba kwa kitu chenye chuma. Ncha nyingi husagwa na kokoto za kwazi mpaka plastiki inatoboka, na kutoboka peke yake si kifo. Eposi ya kawaida ya mirija miwili inaziba vizuri. Tatizo ni ile gundi ya kuzibia matangi na injini, yenye unga wa chuma ndani yake. Nimeona ncha iliyozibwa kwa hiyo, imesuguliwa vizuri mpaka inang'aa, na pointa hailali tena. Mkanda wa alumini nao vilevile. Tumia utepe mweusi wa umeme au nunua ala ya plastiki ya kuvika nchani, zipo kwa modeli nyingi zinazojulikana, na uibadilishe kabla haijatoboka.

Imeingia maji

Ukiona ukungu ndani ya kioo cha tochi yake, maji yameshaingia, hata kama bado inafanya kazi. Kawaida inaanza vizuri asubuhi kisha inakuwa kichaa mchana, mvuke wa ndani unapotembea kwenye saketi.

Toa betri sasa hivi. Kama ni maji ya mto, acha mfuniko wazi, iweke kivulini penye upepo pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele hausaidii kitu zaidi ya kuacha vumbi lake ndani. Kama ni maji ya bahari, kukausha peke yake ni kuiua: chumvi inabaki na kula shaba. Isuuze kwanza kwa maji safi yasiyo na madini, yale wanayouza kama maji ya betri ya gari ya kuongezea, siyo asidi, kisha kwa spiriti, ndipo ukaushe siku mbili tatu.

Mlango wa maji karibu wote ni oringi, ile pete ya mpira ya mfuniko wa betri. Chembe moja ya mchanga juu yake inatosha. Kila unapobadili betri ifute, ipake grisi ya silikoni kidogo sana, na usitumie grisi ya magari maana kuna mipira inayovimba nayo. Pro-Pointer AT imeandikwa kuhimili maji mpaka mita 6, na inahimili, ila uhakika huo unategemea oringi safi. Nakala za bei nafuu zenye sura na rangi ileile huandikwa maneno yaleyale. Fungua mfuniko utazame. Usipoona oringi, hiyo ni ya nchi kavu, hata boksi liseme nini.

Haisikii, au inasikia kidogo

Rudi kwenye rula. Namba ikiwa ileile uliyoandika, pointa ni nzima na tatizo ni matarajio. Detekta kubwa inaweza kukuonyesha kitu kilicho sentimita 30 chini. Pointa inaona sentimita chache. Ukichimba nusu ya kina, pointa itanyamaza kwa haki. Endelea kuchimba. Na punje ndogo sana ya dhahabu pointa huweza isiione mpaka ncha iiguse kabisa. Kwa punje kama hizo gawa udongo kwenye kikombe cha plastiki, upitishe nusu nusu juu ya koili ya detekta, ndivyo wazoefu wanavyofanya.

Namba ikiwa imepungua, angalia usikivu umewekwa ngazi ipi, maana kitufe kilichobanwa ndani ya ala hubadilisha mpangilio chenyewe. Izime, nyanyua mkono juu mbali na mwili, iwashe tena. Badili betri. Ikibaki chini, na haijapasuka ncha, sasa unaweza kuilaumu saketi.

Sauti hakuna, mtetemo upo, au kinyume chake

Kwanza hakikisha haiko kwenye hali ya kutetema kimya. Ni mpangilio wa kawaida. Kisha tazama tundu la sauti, tope huliziba. Tumia mswaki mlaini, usichomeke pini, nyuma yake kuna utando mwembamba unaozuia maji. Mtetemo ukifa, mota yake ni ndogo ya aina iliyomo kwenye simu za vitochi, na fundi wa simu anaweza kukubadilishia akihakikisha volti zinakubaliana. Hii, pamoja na springi za betri na kitufe, ndiyo matengenezo ninayoyaona yana thamani ya fedha yako.

Kama inapiga milio mifupi ikiwa imelala chini peke yake, haijaharibika. Baadhi ya modeli hufanya hivyo zikisahauliwa zimewashwa, ili uzipate majanini kabla hazijajizima.

Ukinunua iliyotumika

Enda na betri yako ya alkalaini mpya, rula yako, na utoe pete nyumbani. Fungua mfuniko kwanza utazame kutu na oringi. Iwashe nje ya duka, siyo ndani penye mageti na mabati. Ibonyeze ncha pande zote nne, igonge taratibu kiganjani, ielekeze chini uhesabu mpaka thelathini. Ikilia hata mara moja bila sababu, mrudishie mwenyewe, hata akikupunguzia nusu ya bei.